Shingo Isiyo na Doa

Mama Kaswera hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Alitua sufuria yake ya chakula karibu na mlango wa kamisariati, akafungua fundo la kitenge kiunoni, akatoa kifuko cha nailoni, na ndani ya kifuko akatoa picha. Aliiweka juu ya meza ya Inspekta Arsène Kasongo na kuipiga kwa kiganja.

"Mufu yenu iko hapa," alisema. "Mumuzike sasa, nione."

Arsène aliivuta picha karibu. Plamedie alikuwa anamtazama kutoka kwenye karatasi ya kung'aa. Mwanamke aliyetafutwa katika mito miwili na kwenye mitaro ya mji mzima tangu sikukuu za mwaka mpya zilipopita, mwanamke ambaye mume wake, Muhindo, mtoto wa huyu Mama Kaswera, alikuwa analala kwenye saruji ya gereza kuu kwa shitaka la kumwua, alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mgongo wa dhahabu. Mkono mmoja juu ya goti, mwingine chini ya kidevu. Ngozi laini kama yai lililomenywa. Shingo ndefu, safi, haina doa wala mkunjo.

"Imetoka wapi?"

"Mushoferi ya lori ya Bafwasende alinipatia. Alisema, bibi moja amenituma. Jina yake sikuuliza. Uangalie liputa, papa inspecteur. Hiyo ni liputa ya mars ya mwaka gani?"

Hapo ndipo Arsène alipoinama kabisa. Kila mwaka, kabla ya siku ya wanawake, kitenge kipya huingia sokoni kwa ajili ya tarehe nane Machi, na michoro yake ni ya mwaka huo peke yake. Mwanamke wa Kisangani anaweza kusahau siku aliyoolewa, lakini liputa ya mwaka gani iko mwilini mwa nani, hiyo haisahau. Ya mwaka huu ilikuwa na njiwa wa buluu ndani ya maduara ya njano. Plamedie alikuwa ameivaa, imeshonwa kutoka mabegani hadi miguuni, njiwa juu ya njiwa.

"Ya mwaka huu," alisema Arsène.

"Na mulisema alikufa mwezi gani?"

"Januari."

"Bon. Donc mufu alifufuka, akaenda soko, akabishana bei ya liputa, akaenda kwa mushonaji, halafu akapiga picha. Hata Lazaro hakufanya kazi mingi vile."

Arthur, polisi wa zamu, alicheka akiwa ameegemea dirisha. Arsène hakucheka. Aligeuza picha. Nyuma kulikuwa na muhuri wa wino mwekundu: Photo Glodi, Kabondo.

"Kama iko Bafwasende, alipigaje picha hapa mjini, Kabondo?"

"Miye ni mukwe yake, siko malaika yake. Muulize Glodi."

Alichukua sufuria yake, akaondoka kwenda gerezani kumlisha mtoto wake, maana mfungwa wa mji huu asiye na mama ni mfungwa asiye na tumbo.

Arsène alilifungua jalada la kesi, akalisoma tena lote. Halikuwa nene. Godoro lenye damu. Viatu vya Plamedie chini ya shimo la takataka. Majirani waliosikia ukelele mmoja, na hawakusikia wa pili. Mume, karani katika ghala la jumla la wafanyabiashara kutoka Butembo, aliyesema kwamba mke wake ametoroka na wachimba dhahabu. Muhindo aliapa kwamba hajawahi kumgusa hata kwa kofi, na alipoapa aliinua mkono wa kulia, ule wa vidole vinne. Kidole cha kati kilibaki kwenye mashine ya kusaga mihogo alipokuwa kijana. Baba yake Plamedie, kwa simu kutoka Bafwasende, alisema hana la kulalamika juu ya mkwe: mwaka jana walitumiwa picha nzuri, mtoto amenawiri. Na mwili haukuwepo. Mto Kongo haujawahi kuleta risiti.

Arsène ndiye aliyemkamata Muhindo, na alikuwa na hakika. Sasa, mbele ya njiwa wale, alitamani kwa moyo wote awe amekosea. Mpelelezi anayetamani kukosea afungwe mikono hadi kesho yake, lakini hapakuwa na mtu wa kumfunga.

Alimwonyesha picha Meja Philippe, mkubwa wake. Meja aliishika kwa ncha za vidole.

"Mwendesha mashtaka anataka kufunga dosye ya hii kesi leo. Kama huyu mama iko muzima, tunamufungia nini mutu? Nenda kwa huyo fundi. Akisema alimuona kwa macho yake, mwezi wa tatu, andika, asaini, niletee. Leo hii Muhindo anatoka."

"Na kama fundi anadanganya?"

"Arsène, wewe ni mutu wa kwanza kumuona mufu muzima na kununa."

*

Studio ya Glodi ilikuwa chumba kimoja kirefu kando ya barabara ya udongo, kati ya kanisa la uamsho na mama anayekaanga mikate. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, na waendesha toleka walikuwa wanasukuma baiskeli zao ndani ya tope, abiria wakishuka kwa hasira. Ndani, kwenye ukuta wa mwisho, yalining'inia mapazia matatu yaliyochorwa: ngazi yenye zulia jekundu, bustani ya maua ambayo hayaoti popote duniani, na maporomoko ya maji. Kiti chenye mgongo wa dhahabu kilikuwa mbele ya ngazi. Arsène alikitambua kabla ya kumtambua mtu yeyote.

Glodi alikuwa kijana mrefu mwenye shati la hariri na saa kubwa. Alikuwa anampanga mzee mmoja aliyevaa koti la kuazima.

"Papa, kidevu chini. Hapana, chini kidogo, si kama mutu anatafuta sarafu. Bega ya kushoto mbele. Usicheke na meno. Cheka na macho."

"Macho inachekaje?" aliuliza mzee.

"Ufikirie bokilo yako, ule mukwe mukali, ameanguka mbele ya batu."

Mzee alifikiria. Macho yakacheka. Mwanga ukapiga.

Mzee alipotoka, Arsène alionyesha kitambulisho chake, kisha picha. Glodi aliangalia kitenge kwanza. Baada ya kitenge ndipo akaangalia uso. Arsène aliliona jambo hilo, na kwa kuwa alikuwa mtu anayetamani kukosea, alijiambia: ni fundi, anaangalia kazi yake.

"Unamujua?"

"Ni client yangu."

"Ulimupiga hii picha wakati gani?"

"Mwezi ya tatu. Ya mwaka huu."

"Miye mwenyewe niko nakuuliza, Glodi, na ninaandika. Huyu mama alikaa pale, kwenye kiti kile, mwezi ya tatu, akiwa muzima?"

"Inspecteur, miye naketishaka batu balikufa kwenye kiti yangu? Alikaa. Alilipa. Akaenda."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Alikuwa namna gani?"

"Muzuri. Si unaona?"

Arsène aliandika. Aliandika haraka, kwa mwandiko mkubwa, na Glodi akasaini chini kwa herufi yenye mkia mrefu kama ya waziri. Arthur alikuwa anangoja nje juu ya pikipiki. Arsène alimpa karatasi.

"Mbio kwa Meja. Usisimame hata kwa mikate."

Pikipiki iliondoka ikirusha matope. Baada ya muda si mrefu simu ya Arsène ililia.

"Nimeipata," alisema Meja. "Ninaipeleka kwa mwendesha mashtaka mimi mwenyewe. Kazi nzuri."

Ilibaki jambo dogo tu: kujua Plamedie anaishi wapi sasa. Arsène alirudi ndani, akavuta kigoda.

"Aliacha namba ya simu?"

"Hapana."

"Picha alikuja kuchukua yeye?"

"Mm... alituma mutu."

"Mushoferi?"

"Labda mushoferi."

"Labda ni jina yake?"

Glodi alianza kupangusa lenzi ambayo ilikuwa safi tayari. Arsène alikuwa anafungua mdomo kuuliza tena, na hapo mlango ukajaa mwanamke. Alikuwa mnene, ana beseni la samaki wa kukaushwa kichwani, na sauti yake ilitangulia kuingia.

"Glodi! Muongo wa Kabondo! Picha yangu ulishaivalisha ao bado?"

"Mama Rachida, rudi saa kumi, niko na mugeni."

"Saa kumi, saa kumi! Huit mars, sikukuu yetu ya wanawake, imepita, wamama ya shirika bote bamesha kuweka picha yao kwenye WhatsApp, miye peke yangu niko na liputa ya mwaka juzi kama mujane!" Alitua beseni, akamwona Arsène, akamgeuzia kesi. "Papa, wewe uko na uso ya mutu ya haki. Liputa ilikuja kidogo, bibi ya bakubwa bakabeba yote. Sisi tutafanya nini? Tunaletea huyu picha yetu ya zamani, anatuvalisha na ordinateur, ile kompyuta yake. Mwaka jana alinivalisha na mabega ya mutu mwingine. Bwana yangu alishika simu akauliza: huyu mama muzuri ni nani?"

"Na ulimujibu nini?" aliuliza Arsène, taratibu, akimwangalia Glodi.

"Nilimujibu ni weye ulianza kuzeeka macho. Glodi, unanisikia? Na usinisahau njiwa kwa mikono. Mama Safi umemupatia njiwa mpaka kwa kiwiko."

"Mama," alisema Arsène, "picha yako itakuwa tayari saa kumi. Nakuahidi miye."

Rachida aliwatazama wote wawili, akaona kwamba hewa ya chumba imebadilika, akainua beseni lake na kutoka bila neno. Kwa Rachida hilo lilikuwa tukio.

Arsène alipeleka picha mlangoni, penye mwanga. Sasa aliisoma kama alivyopaswa kuisoma asubuhi. Plamedie alikuwa amekunja mkono chini ya kidevu; nguo yoyote ya kweli ingejikunja kwenye kiwiko na kwapani, na duara lolote lililochapwa juu yake lingekunjika pamoja nayo. Lakini maduara ya njano yalipita juu ya kila mkunjo yakiwa mazima, mviringo kamili, kama sahani zilizobandikwa ukutani. Njiwa mmoja alianza kifuani na kumalizia bawa lake juu ya mkono, kana kwamba kifua na mkono ni kitu kimoja. Kitenge kile hakijashonwa. Kilimwagwa.

Alifunga mlango kwa komeo.

"Nani alileta picha umuvalishe?"

Glodi aliangalia mlango, akaangalia dirisha lenye nondo, akaangalia saa yake kubwa.

"Bon," alisema. "Mama moja muzee. Munande, mutu ya Butembo. Ule ule wa mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza gani?"

"Wakati ya picha ya kweli. Mwaka jana. Alimuleta mukwe yake hapa, yeye mwenyewe, akamushika mukono mpaka kwenye kiti. Na mwezi uliopita akarudi peke yake. Alisema mutoto wake atakufa ndani ya gereza kwa kosa ya bure, bibi yake ametoroka, iko tu kuficha. Akaniomba: umuvalishe liputa mupya, na bakija kuuliza, useme alikaa. Alilia, inspecteur. Alipiga magoti pale. Miye niko na mama. Na kwangu ilikuwa ni liputa tu."

"Ulisaini."

"Nilisaini."

Arsène alipiga simu kwa Meja. Ililia mpaka ikakata. Akapiga tena, ikakata tena.

"Fungua ile ya kweli," alimwambia Glodi. "Kama ilivyotoka kwenye aparei ya picha. Kabla haujagusa kitu."

Umeme haukuwepo. Glodi alivuta kamba ya jenereta nyuma ya pazia la maporomoko ya maji, chumba kikaanza kutetemeka na kunuka petroli, na kioo cha kompyuta kikawaka. Alitafuta kidogo. Plamedie akatokea, mkubwa kuliko kwenye karatasi, na njiwa wake wote.

"Naondoa moja moja," alisema Glodi, na hata katika hofu yake sauti ilianza kupata majivuno, kwa kuwa hakuna fundi anayeweza kuonyesha kazi yake bila kuinua kichwa. "Kwanza liputa."

Njiwa waliruka wote mara moja. Chini yake kulikuwa na blauzi ya kijani iliyofifia, kola imefunguka.

"Halafu macho. Nilikuwa nimeongeza mwanga."

Macho yakazimika.

"Halafu pua, kidogo tu. Halafu ngozi. Kazi yetu ni hiyo, inspecteur. Mutu anaingia na uso ile Mungu alimupatia, anatoka na uso ile yeye alitaka kumuomba."

"Ondoa ngozi."

Glodi aliweka kidole juu ya kipanya cha kompyuta, lakini hakubonyeza. Majivuno yalikuwa yamemtoka.

"Ondoa."

Akabonyeza.

Arsène alisogeza kigoda karibu hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo. Shingo ile ndefu, ile safi, ilikuwa na alama. Upande mmoja, chini ya taya, doa moja pana, jeusi katikati na la manjano pembeni. Hilo ni gumba. Upande wa pili madoa membamba yaliyolala sambamba. Alama za mkono uliokaba kutoka mbele. Mkono wa kulia, kwa jinsi gumba lilivyokaa. Alihesabu madoa ya upande wa pili, akarudia. Moja juu. Kisha pengo, ngozi safi, pana vya kutosha kidole kizima. Kisha mawili chini.

Mkono wa vidole vinne. Cha kati hakipo.

"Hajawahi kumgusa hata kwa kofi," alisema Arsène, si kwa Glodi.

"Nini?"

"Wewe ulizani hii ni nini, wakati uliifuta?"

"Nilizani ni mafuta mubaya, ile ya kujichubua..." Glodi aliondoa mkono juu ya kipanya. Jenereta ilinguruma peke yake. "Hapana. Sikuzani vile. Nilijua."

"Ulijua."

"Ule mama muzee alikuwa amesimama nyuma yangu, pale uko weye. Alisema: hiyo shingo, uisafishe muzuri. Picha inaenda kwa wazazi wake Bafwasende. Batu bamewaambia mutoto anateswa, wanataka kuja kumurudisha. Wakiona ako muzuri watatulia." Alipitisha mkono usoni. "Nilifanya muzuri, inspecteur. Hata miye nilipomaliza sikujua tena alama ilikuwa upande gani."

"Na yeye mwenyewe? Plamedie alisema nini?"

"Hakusema. Nilimuambia cheka na macho."

"Akacheka?"

"Alijaribu. Nililazimika kumusaidia."

Arsène aliamuru picha ichapwe kama ilivyo, na Glodi akaandika karatasi ya pili, safari hii bila mkia kwenye saini. Mashine ilikuwa bado inatema karatasi simu ilipolia.

"Uliniita mara mbili," alisema Meja Philippe. "Nilikuwa mbele ya mwendesha mashtaka. Ameshasaini. Muhindo yuko huru."

"Meja, simamisha. Picha ni ya uongo. Nguo iliwekwa na kompyuta. Plamedie alipigwa picha mwaka jana, na chini ya retouche, kule kusafisha ngozi, iko na alama za kukabwa. Mkono ni wa Muhindo, pengo la kidole linaonekana."

Upande wa pili mlango ulifungwa.

"Nani anasema?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

Arsène alimtazama Glodi aliyekuwa ameinama juu ya mashine.

"Fundi gani, Arsène? Ni yule yule? Yule aliyesaini asubuhi kwamba alimuona mwezi wa tatu?" Meja alishusha sauti, na ilikuwa vibaya zaidi kuliko kama angepiga kelele. "Asubuhi umeniletea mwanamke muzima. Mchana unaniletea mufu. Picha ile ile, kompyuta ile ile, muongo yule yule. Nirudi kwa mwendesha mashtaka nimwambie nini? Wakili atamuuliza huyo Glodi swali moja tu: ni siku gani unasemaka ukweli? Halafu tutakaa chini sote."

"Nimkamate tena, nitafute hati baadaye."

"Gusa yule mutu bila hati mpya, na utalala mahali alikuwa analala. Unataka kumurudisha ndani? Niletee mwili."

*

Arsène alipofika mbele ya gereza kuu, watu walikuwa wachache. Wanawake waliokuwa wakipeleka vyakula walikuwa wanarudi na sufuria tupu. Chini ya paa la bati la kibanda cha muuza mkopo wa simu alikaa Muhindo, mifupa mitupu ndani ya shati jipya, anakula wali na samaki kwa kijiko. Pikipiki ya kukodi ilikuwa imesimama kando yake, na nyuma yake mizigo miwili imeshafungwa kwa mpira. Mizigo ya namna ile haifungwi kwa safari ya kurudi nyumbani Kabondo. Inafungwa kwa barabara ya mashariki, Bafwasende na kuendelea, mpaka Butembo kwao.

Mama Kaswera alimwona Arsène akija. Alisimama katikati, kati yake na mtoto.

"Aksanti, papa inspecteur," alisema. "Mungu akulinde."

Arsène alitoa picha mpya kutoka ndani ya bahasha, akampa. Hakuielezea. Mwanamke aliishika kwa mikono yote miwili na kuiangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia mtoto wa jirani ambaye hajamwona tangu alipokuwa mdogo. Hakushtuka. Arsène alikuwa ameandaa maneno kwa ajili ya mtu anayeshtuka.

"Iko na rangi mubaya," alisema hatimaye. "Ile ya kwanza ilikuwa muzuri."

"Hii ndiyo ya kweli."

"Nani anasema? Ordinateur?" Alimrudishia picha. "Papa, nikuulize, weye umesoma. Ile mashine ilimuvalisha mwanamuke liputa hajawahi kuvaa. Mukasema ni uongo, na ni kweli, ni uongo. Sasa ile mashine inashindwa kumuvalisha vidole?"

Maneno hayo yalisemwa bila ukali, kama mama anavyomwonyesha mtoto hesabu aliyokosa. Na Arsène aliyasikia yakisemwa tena, kwa Kifaransa kizuri, na wakili mwenye joho, mbele ya hakimu anayeitikia kwa kichwa. Kila kitu alichokuwa nacho mkononi kilikuwa kimetoka kwenye chumba kimoja chenye ngazi ya kuchorwa.

"Wewe hukuona kwenye mashine," alisema. "Uliona kwa macho yako. Ulimshika mkono ukampeleka."

"Nilimupeleka."

"Wazazi wake walitaka kuja kumchukua, mama. Wangekuja. Ulichofuta pale si doa."

Mama Kaswera aligeuka kidogo, akamwangalia mtoto wake aliyekuwa anakwangua chini ya sufuria. Kisha alifanya jambo ambalo Arsène hakulitarajia. Alishusha kitambaa chake cha kichwa nyuma ya sikio, akaonyesha mahali ambapo nywele hazioti, upana wa kiganja.

"Baba yake huyu," alisema. "Hapa, na mahali ingine siwezi kukuonyesha. Halafu siku moja aliacha. Mwenyewe, bila mutu kumuambia. Nilizani na huyu ataacha. Nilikuwa namuambia Plamedie: vumilia, wanaachaka."

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Plamedie. Nipe mahali tu. Mtoni, msituni, chini ya nyumba. Baba yake apate kitu cha kuzika. Sikuulizi kitu kingine, na leo siwezi kumshika, unajua siwezi. Muulize tu mtoto wako, halafu uniambie."

Muhindo alikuwa amemaliza kula. Alipanda pikipiki, akaketi nyuma ya dereva, akaacha nafasi ya mama yake, akaita, "Mama, twende, mvua inarudi." Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa, ya kijana mwenye adabu.

Mama Kaswera aliokota sufuria, akaifuta ndani kwa ncha ya kitenge.

"Kila siku nilimupelekea chakula pale ndani," alisema. "Kila siku tulikaa, yeye upande huu wa nondo, miye upande ule. Tuliongea habari ya mvua, habari ya bei ya maharagi. Ile swali yako, papa, sijamuuliza hata mara moja."

"Kwa nini?"

"Nikimuuliza, atanijibu."

Alipanda nyuma ya mtoto wake, akamshika kiunoni, na dereva akawasha injini.